Kidonge cha presha, mkao wa yoga na uchovu wa misuli: nini kinatibu nini

Katika mji wa Kigoma-Ujiji, kama ilivyo kwingi nchini, mtu akishaambiwa kwamba ana presha hupokea mashauri mawili karibu siku hiyo hiyo. La kwanza hutoka kliniki, iwe ni zahanati ya mtaani au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni: ameze vidonge kila siku, wala asiviache hata akijisikia mzima. La pili hutoka kwa jamaa, majirani na video zinazorushwa katika simu: dawa hizo zinachosha mwili na kulegeza misuli, basi heri atafute njia ya asili, na njia inayotajwa sana siku hizi ni yoga. Mashauri hayo yanapogongana, mgonjwa huona kwamba anatakiwa kuchagua moja na kuliacha jingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo limeulizwa vibaya tangu mwanzo, kwa sababu dawa na yoga havishughulikii jambo moja, na kwa sababu uchovu wa misuli, ambao kwa watu wengi ndio hukata shauri la kuacha dawa, una vyanzo vingi kuliko kidonge.

Ugonjwa usiosikika na dawa inayosikika

Shinikizo la damu ni nguvu ambayo damu husukumia kuta za mishipa ya ateri wakati moyo unapopiga na wakati unapotulia kati ya pigo na pigo. Hupimwa kwa milimita za zebaki na kuandikwa kwa tarakimu mbili. Vipimo vilivyorudiwa siku tofauti vikifika 140 kwa tarakimu ya juu, au 90 kwa ya chini, mtu huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulikuta hali hiyo kwa takribani mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64.

Kinachotatanisha ni kwamba presha, kwa kawaida, haiumi. Mishipa hukakamaa, msuli wa moyo hunenepa kwa sababu ya kusukuma damu dhidi ya upinzani, vichujio vya figo huharibika, na mwenye mwili huendelea kulima, kuuza dagaa au kuendesha bodaboda bila dalili yoyote hadi siku anapopatwa na kiharusi. Kidonge, kwa upande wake, husikika: chaweza kumpeleka mtu haja ndogo mara kwa mara, kumkohoza, kumvimbisha vifundo vya miguu au kumlegeza. Mtu anayejipima kwa hisia zake peke yake hukuta kwamba alikuwa mzima kabla ya kwenda hospitali na kwamba ameanza kuumwa tangu alipoanza tiba. Yoga ina tabia iliyo kinyume kabisa, kwani baada ya nusu saa ya kunyoosha viungo na kupumua taratibu mtu hujisikia mwepesi siku hiyo hiyo. Nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya ubishi huu inatokana na jambo hilo moja: tunakilinganisha kitu ambacho faida yake haionekani na madhara yake yanaonekana, na kitu ambacho faida yake huonekana mara moja na upungufu wake hauonekani.

Dawa za presha anazokutana nazo mgonjwa wa Tanzania ziko katika makundi machache. Amlodipini hulegeza misuli laini iliyo katika kuta za mishipa ili mishipa itanuke, na ndiyo inayojulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu. Bendrofluazidi na haidroklorothayazidi huzifanya figo zitoe chumvi na maji zaidi kwa njia ya mkojo. Kaptoprili na enalaprili huzuia utengenezaji wa angiotensini, kemikali ya mwili inayobana mishipa, ilhali losatani huizuia kemikali hiyo isishike pale inapofanyia kazi. Kikohozi kikavu huambatana zaidi na kundi la kaptoprili, ndiyo maana daktari humhamishia mgonjwa kwenye losatani. Atenololi, kavediloli na bisoprololi ni vizuia beta, kundi lililotokana na kazi ya Mskoti James Black, aliyebuni propranololi katika miaka ya 1960 na kupewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1988; hupunguza kasi na nguvu ya mapigo ya moyo yanayochochewa na adrenalini. Statini, ambazo watu wengi huzichanganya na dawa za presha, kazi yake ni nyingine: hupunguza lehemu (kolesteroli) katika damu kwa kuzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kuitengeneza.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu hoja ya kwamba kidonge si cha asili. Kaptoprili ilipatikana kutokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili aina ya jararaca, ambaye watu aliowauma walishuka shinikizo ghafla. Statini ya kwanza ilitolewa na Mjapani Akira Endo katika miaka ya 1970 kutoka kwenye ukungu wa jamii ile ile inayotupatia penisilini. Kwa hiyo uasili hauwezi kuwa mstari wa kuigawa tiba njema na tiba mbaya. Mstari wenye maana ni kama kitu hicho kimejaribiwa kwa watu wengi, kwa muda mrefu, na matokeo yake yakahesabiwa.

Kwa upande wa dawa, hesabu hiyo imefanywa. Kidonge kimoja cha presha kwa dozi ya kawaida hushusha tarakimu ya juu kwa takribani milimita 9. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila milimita 10 zinazoshuka hupunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa takribani asilimia 20, na kiharusi peke yake kwa takribani asilimia 27. Statini nazo, kwa kila milimoli moja kwa lita ya lehemu mbaya inayoondolewa, hupunguza matukio hayo kwa karibu moja ya tano. Kilichohesabiwa hapo ni viharusi, mishtuko ya moyo na vifo. Hakuna aliyeulizwa kama anajisikia vizuri.

Yoga inafanya nini hasa

Yoga ilianzia India na ina sehemu tatu zinazohusiana: mikao ya mwili, namna za kupumua, na kutuliza akili. Umoja wa Mataifa uliitengea siku ya tarehe 21 Juni kwa azimio la mwaka 2014. Wapo waumini, Waislamu wa Ujiji na Wakristo wa Kasulu kwa pamoja, wanaoiogopa kwa kuihesabu kuwa ibada ya dini nyingine, na si haki kuwadharau kwa hofu hiyo. Hata hivyo upo utafiti mdogo unaostahili kutajwa mbele yao. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha kazi ya Luciano Bernardi na wenzake kutoka Italia, waliowapima watu wazima 23 wenye afya wakati wakisali rozari kwa Kilatini na wakati wakitamka maneno ya yoga. Katika hali zote mbili upumuaji ulishuka hadi takribani mara sita kwa dakika, na uwezo wa mwili wa kurekebisha shinikizo la damu ukaongezeka.

Sababu yake inaeleweka. Katika ateri za shingo na katika mshipa mkuu unaotoka moyoni kuna vihisi vinavyoupasha ubongo habari za shinikizo, na ubongo hujibu kwa kuharakisha au kupunguza mapigo na kwa kubana au kulegeza mishipa. Mtu mwenye wasiwasi wa kudumu, anayelala vibaya na kupumua juujuu, huishi huku neva za tahadhari zikiwa juu wakati wote. Upumuaji wa taratibu huipa nafasi neva ya vagasi, ambayo huutuliza moyo. Mikao ya kusimama imara, ambayo misuli hukazwa bila kiungo kusogea, inaonekana kuwa na mchango wake. Uchambuzi wa majaribio 270 ya mazoezi ya aina mbalimbali uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta kwamba mazoezi ya kukaza misuli bila kusogea, kama vile kujishusha mgongo ukiwa ukutani na kubaki hapo, ndiyo yaliyoshusha shinikizo la mapumziko zaidi ya aina nyingine zote.

Hesabu za yoga yenyewe ni za unyenyekevu kidogo. Majaribio yakijumlishwa, tarakimu ya juu hushuka kwa takribani milimita 5 kulinganisha na watu wasiofanya chochote, na mengi ya majaribio hayo yalikuwa madogo na ya muda mfupi. Milimita 5 si kitu cha kubezwa. Ni karibu sawa na kile anachokipata mwenye presha akipunguza chumvi kwa uthabiti. Lakini mtu mwenye 175 kwa 105 hawezi kufika chini ya 140 kwa kupumua peke yake. Jaribio kubwa lililopo kuhusu ugonjwa wenyewe, na si tarakimu tu, lilifanyika India kwa wagonjwa 3,959 waliotoka kupata mshtuko wa moyo, katika vituo 24, na matokeo yake yalitangazwa katika jarida mwaka 2020. Wote waliendelea na dawa zao. Nusu yao waliongezewa mpango wa yoga. Tofauti ya vifo na matukio mapya ya moyo haikufikia kiwango cha kuaminika kitakwimu, ila waliofanya yoga walijiona wenye afya bora zaidi na walirudi kwenye shughuli zao kwa wingi zaidi. Matokeo hayo, kwa maoni yangu, yanaieleza yoga kwa haki kuliko sifa zote inazomwagiwa: inamrudisha mtu kwenye maisha yake, juu ya dawa.

Wanaoipigia debe zaidi hupenda kutaja jaribio la Mmarekani Dean Ornish la mwaka 1990, ambalo lilionyesha kwamba mishipa ya moyo iliyoziba inaweza kufunguka kidogo bila dawa za lehemu. Ni kweli yoga ilikuwamo. Vilevile vilikuwamo kula chakula kisicho na nyama chenye mafuta machache mno, kuacha sigara, kutembea kwa mpangilio na mikutano ya kusaidiana, tena kwa wagonjwa wasiofika 50. Haiwezekani kuichomoa yoga humo na kuipa ushindi peke yake.

Kuna pingamizi linalosikika sana Kigoma, nalo lina uzito wake. Mchukuzi wa Kibirizi anayeshusha magunia kwenye boti tangu alfajiri, au mvuvi anayevuta nyavu za dagaa usiku kucha, atauliza kwa nini aongezewe mazoezi wakati maisha yake yote ni mazoezi. Utafiti wa Copenhagen uliowafuatilia watu 104,046, uliotolewa mwaka 2021, ulikuta kwamba watu wenye mazoezi mengi ya burudani walikuwa na hatari ndogo ya magonjwa ya moyo, lakini wale wenye kazi nyingi ya mwili walikuwa na hatari kubwa zaidi. Sehemu ya tofauti hiyo huenda ni umaskini na mengine yanayoambatana nao. Hata hivyo maelezo ya kimwili yapo. Kubeba mzigo mzito huku pumzi imezuiwa hupandisha shinikizo kwa ghafla, mapigo hubaki juu kwa saa nyingi, na muda wa mwili kupoa ni mchache. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuongezewa jasho. Anachokikosa ni kile ambacho sehemu tulivu ya yoga hukitoa, yaani kupumua polepole, kunyoosha mgongo na mapaja yaliyokazwa, na kulala chali kwa dakika chache bila kufanya lolote.

Uchovu wa misuli: lini, na wapi

Tufike sasa kwenye kiini cha malalamiko. Mama mtu mzima akifika kliniki na kumwambia muuguzi, "Mwanangu, hizi dawa zenu zinanimaliza nguvu," jibu la haraka huwa ni kumhimiza avumilie, na hilo ni kosa. Muuguzi mwenye uzoefu huuliza, "Pole, bibi. Tangu lini, na ni sehemu gani ya mwili?" Maswali hayo mawili hufungua mambo mengi kuliko kipimo chochote cha kwanza, kwa sababu kila chanzo cha uchovu kina mwendo wake.

Vizuia beta huleta uchovu wa mwili mzima unaojitokeza zaidi katika juhudi. Mtu anayepanda kutoka ziwani kuelekea eneo la Mwanga, mjini Kigoma, huhitaji moyo wake uongeze mwendo, na dawa imeufunga breki. Misuli ya miguu haipati damu ya kutosha kwa kasi inayotakiwa, naye huona miguu mizito ingawa haimuumi. Uchovu huu mara nyingi hupungua baada ya wiki kadhaa, na usipopungua daktari anaweza kupunguza dozi au kubadili kundi, hasa kama mgonjwa hana ugonjwa mwingine wa moyo unaoidai dawa hiyo. Dawa za kutoa maji huleta sura tofauti: kigimbi kukaza ghafla usiku, misuli kulegea, wakati mwingine moyo kurukaruka. Hapo mshukiwa ni upungufu wa potasiamu iliyotoka na mkojo, na kipimo cha damu hulithibitisha. Ndizi, maharage na viazi vina potasiamu nyingi na huweza kusaidia, lakini anayetumia losatani, kaptoprili au spironolaktoni (dawa ya kutoa maji isiyotoa potasiamu) asijiongezee chumvi za potasiamu za dukani bila kupimwa, kwa kuwa dawa hizo huizuia isitoke na ziada yake huweza kuusimamisha moyo.

Statini ndizo zenye sifa mbaya kuliko zote, na zinastahili maelezo marefu zaidi. Zinaweza kweli kuumiza misuli. Maumivu yake ya kawaida huwa pande zote mbili kwa pamoja, katika mapaja, nyonga, mabega au vigimbi, huanza wiki chache hadi miezi michache baada ya kuanza dawa au kuongezwa dozi, na hupungua wiki chache baada ya kuiacha. Mara chache mno misuli huvunjikavunjika kwa kiasi cha kuziba figo, hali inayojulikana kwa udhaifu mkubwa na mkojo wenye rangi ya kahawia iliyokolea. Statini moja, serivastatini, iliondolewa sokoni mwaka 2001 kwa sababu hiyo. Hatari hupanda dawa zinapokutana. Simvastatini haipasi kuzidi miligramu 20 kwa mtu anayemeza amlodipini, na haipasi kuchanganywa kabisa na klarithromaisini, erithromaisini au dawa za virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri. Hata juisi ya balungi ikinywewa kwa wingi huipandisha kiwango chake katika damu. Mgonjwa anayechukua dawa kliniki tofauti, leo CTC (kliniki ya dawa za virusi vya UKIMWI) na kesho kliniki ya presha, ndiye anayepaswa kubeba vidonge vyake vyote katika mfuko mmoja na kuvionyesha kote.

Pamoja na hayo yote, maumivu mengi yanayoandikwa kwa jina la statini hayakusababishwa na statini. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 uliojumuisha majaribio makubwa ambamo mgonjwa hakujua kama anameza dawa au kidonge kitupu ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 90 ya malalamiko ya misuli kwa watu waliomeza statini yangetokea hata bila hiyo dawa. Nyongeza halisi ilikuwa takribani watu 11 katika kila 1,000 katika mwaka wa kwanza. Jaribio jingine, lililofanywa Uingereza na kutangazwa mwaka 2020, liliwachukua watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa madhara. Kila mmoja alipewa chupa za mwezi mzima kwa mpangilio wa kubahatisha: miezi minne ya statini, miezi minne ya vidonge vitupu na miezi minne bila kidonge, huku akirekodi dalili zake kila siku kwenye simu. Katika miezi isiyo na kidonge alama za dalili zilikuwa wastani wa 8.0, katika miezi ya vidonge vitupu zilikuwa 15.4, katika miezi ya statini 16.3. Maumivu yalikuwa ya kweli, hakuna aliyekuwa akijifanya, lakini sehemu kubwa yake ililetwa na tendo la kumeza kidonge na matarajio yaliyoambatana nalo. Nusu ya watu hao, baada ya kuonyeshwa daftari zao wenyewe, walirudi kwenye dawa. Habari za kutisha zinazosambazwa katika simu, basi, si maneno matupu. Zina uwezo wa kumuumiza msomaji misuli yake.

Kisha kuna uchovu unaotoka kwenye ugonjwa, na huu ndio wa hatari kukosewa. Moyo ulioshindwa kusukuma damu ipasavyo, ambao kwa Tanzania mara nyingi huletwa na presha ya muda mrefu, huinyima misuli damu hadi misuli yenyewe ikakonda. Dalili zake za jirani ni kuvimba miguu, kushindwa kulala chali na kuamka usiku kwa kukosa pumzi. Mtu wa namna hii akiacha dawa kwa kudhani ndizo zinazomchosha, huondoa kile kinachomshikilia. Ateri za miguu zilizoziba nazo zina alama yake: maumivu ya kigimbi yanayokuja baada ya umbali fulani wa kutembea na kuisha mtu akisimama kidogo. Valvu za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambazo huwapata vijana na kina mama wachanga katika nchi zetu, zinahitaji sindano za penisilini za kila wiki tatu au nne na pengine upasuaji katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Hakuna mkao wa yoga unaoigusa valvu.

Nje ya moyo kabisa kuna malaria, ambayo Kigoma inayo kwa wingi kuliko mikoa mingi, kuna minyoo na kichocho cha ufukweni, upungufu wa damu, kifua kikuu, kisukari na tezi ya shingo iliyopunguza kazi, ambayo tena huongeza uwezekano wa statini kuumiza misuli. Kipimo cha wingi wa damu ni cha bei nafuu na hupatikana katika vituo vingi. Inasikitisha kuona mtu akibishana mwaka mzima kuhusu dawa na yoga ilhali damu yake haijapimwa.

Mtego mmoja hautajwi vya kutosha. Mwenye misuli inayouma huenda duka la dawa muhimu na kununua diklofenaki au ibuprofeni, akameza kwa wiki kadhaa. Dawa hizo huzifanya figo zishike chumvi na maji, hupandisha shinikizo, huidhoofisha kazi ya losatani, kaptoprili na dawa za kutoa maji, na kwa mwenye moyo dhaifu huweza kumlaza hospitali. Presha ikipanda, kliniki huongeza kidonge kingine cha presha, na uchovu nao ukaongezeka. Nimeona familia zikiulaumu moyo, hospitali na hata wachawi, na hakuna aliyefikiria kile kidonge cha maumivu kilichokuwa mfukoni. Parasetamoli kwa kiasi ni salama zaidi kwa watu hawa, na kwa misuli iliyokaza tu, joto na kunyoosha viungo huweza kutosha.

Chakula nakigusa kwa ufupi. Mkoa wenye chumvi ya Uvinza na mawese ya michikichi yake una sababu ya kujivunia vyote viwili, lakini Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale yanayopandisha lehemu mbaya. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi walowekwe na kumwagwa maji kabla ya kupikwa.

Namna vinavyokaa pamoja

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka dawa zianze shinikizo linapofika 140 kwa 90, na zisicheleweshwe hata kidogo kwa mwenye 160 kwa 100 au zaidi, au kwa aliyekwisha kupata madhara ya moyo, figo au ubongo. Aliye chini ya mpaka huo, kwenye 130 na kitu, bila kisukari wala ugonjwa wa moyo, ndiye ambaye yoga, kutembea na kupunguza chumvi vinaweza kumtosha kwa muda mrefu. Walio wengi wapo katikati: wanameza dawa na wanataka kuongeza yoga, na hao wanahitaji maelezo ya namna ya kufanya.

Anayemeza kizuia beta asipime juhudi yake kwa mapigo ya moyo, kwa kuwa dawa imeyazuia yasipande; atumie kipimo cha maneno, yaani aweze kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi. Mwenye presha ambayo bado haijatulia, au mwenye presha ya macho, aache mikao ya kuinamisha kichwa chini ya moyo. Katika mikao ya kukaza misuli, pumzi isizuiwe kamwe, kwa sababu shinikizo hupanda wakati huo huo. Anayetumia amlodipini au dawa za kutoa maji ainuke polepole kutoka kulala chali, kwanza akae, kisha asimame, maana kizunguzungu cha kusimama ghafla ndicho huangusha wazee. Mwenye moyo dhaifu aliyetulia kwa dawa naye anaruhusiwa mazoezi: jaribio lililotangazwa mwaka 2009 kwa wagonjwa 2,331 wa aina hiyo lilionyesha kwamba mazoezi yenye mpangilio ni salama kwao, ila yaanze kwa dakika chache na kwa ushauri wa daktari.

Presha ipimwe mtu akiwa amekaa dakika tano, mkono ukiwa usawa wa moyo, na si mara tu baada ya yoga, kwani kipimo cha wakati huo hushuka kwa muda na kudanganya. Vipimo vya asubuhi na jioni vya wiki moja au mbili viandikwe kwenye daftari na kupelekwa kliniki. Ikiwa baada ya miezi michache ya mazoezi tarakimu ya juu inakaa karibu na 110, au mtu anapata kizunguzungu akisimama, daktari ana sababu ya kupunguza dozi au kuondoa dawa moja kati ya mbili. Vizuia beta haviondolewi kwa siku moja: dozi hushushwa kidogo kidogo kwa wiki moja hadi mbili, kwa sababu moyo ulioachiwa ghafla hupiga kwa kasi kubwa, na kwa mwenye mishipa iliyoziba huweza kuleta mshtuko wa moyo katika siku zile zile anazojisikia mwepesi kuliko kawaida.